Mbuzi wa Matinyani na Lori la Nuu

Musyoka, kijana niliyefanya naye kazi, amenisumbua tangu siku nilipokabidhi funguo za ofisi. Anataka niandike "mambo ya kitambo" kwa ajili ya vijana walioingia idara ya kompyuta juzi. Nilimwambia mambo ya kitambo ni mengi na macho yangu yamechoka. Lakini kustaafu kuna ubaya mmoja ambao hakuna aliyenionya: asubuhi ni ndefu. Kuku wameshakula, ng'ombe ameshakwenda malishoni, na bado jua halijapanda. Kwa hivyo naandika. Habari za vyeo msitarajie, kwa sababu vyangu vilikuja vikiwa vimechelewa na havikubadilisha chochote isipokuwa kiti.

Nilifanya kazi katika chama cha ushirika cha wakulima, chenye matawi Kitui na Makueni. Tulinunua ndengu, yaani choroko, maembe na asali kutoka kwa wanachama na kutafuta wa kuwauzia. Siku yangu ya kwanza nilikuta kompyuta moja. Ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa kulikuwa na maua ya plastiki. Karani mkuu aliniambia, "Madam Syombua, usiiguse kwanza. Wacha ituzoee." Nilikaa nikiitazama wiki nzima. Nina hakika ilikuwa ikinitazama pia.

Aliyeniokoa ni Bwana Ngumbau, fundi wa redio kutoka Mwingi ambaye chama kilimwajiri kutunza mashine zote, mizani ikiwemo. Vifaa vyake vilikuwa bisibisi, tochi, na brashi ya kupakia rangi ambayo alikuwa ameipunguza nywele ili iingie penye pembe. Hakuamini kwamba mashine ni mgonjwa mpaka aifungue. Siku moja mhasibu alilalamika kwamba kompyuta yake imeingiliwa na virusi. Ngumbau aliifungua, akatoa kwenye feni nyumba ya nyigu, udongo mtupu, akaiweka mezani mbele ya mhasibu na kusema, "Virusi yako ni hii. Uifukuze wewe mwenyewe." Mhasibu hakumsemesha mpaka Krismasi.

Neno alilonifundisha, na ambalo nawaachia ninyi, ni hili. Kila nilipomsifia mashine mpya alikuwa akinikata kauli: "Usiniambie ni nzuri namna gani. Niambie ikikosea, nani ako karibu." Nilidhani ni maneno ya mtu anayependa kuitwaitwa. Alistaafu na brashi yake kabla sijamwelewa.

Nilimwelewa wakati wa lori la Nuu.

Tovuti yetu ya kwanza ilijengwa na kampuni moja ya mbali ambayo sitaitaja, kwa kuwa imeshakufa na wafu hawasemwi. Ilikuwa tovuti maridadi. Ilikuwa na picha ya mkulima anayecheka, ambaye hakuna mwanachama wetu aliyewahi kumwona. Shida yake ilikuwa moja: kubadilisha hata neno moja ilikuwa lazima tuwaandikie wao, nao walijibu kwamba ombi letu limepokelewa, kisha wakalala nalo. Basi msimu mmoja wa ndengu tuliwatumia tangazo la ghala la Nuu: "Lori litafika kesho. Leteni ndengu mapema." Waliliweka upesi, siku hiyo tu ndiyo waliyokuwa wepesi. Kesho yake lori likavunjika ekseli. Tangazo halikuondolewa.

Nuu ni mbali na barabara ya lami, na watu huleta magunia kwa punda. Walikuja, wakakaa juani, wakarudi. Waliosoma tangazo siku iliyofuata waliona lori linafika kesho, nao wakaja. Na wa siku iliyofuata pia. Mtunza ghala wa huko, Mama Mwende, alikuwa akisimama mlangoni kuwaambia lori halipo, naye ndiye aliyetukanwa kwa niaba yetu sote. Mpaka leo mtu wa Nuu akiahidiwa kitu asichokiamini, husema, "Hiyo ni lori ya kesho."

Msimu uliofuata nusu ya wanachama wa Nuu waliwauzia madalali. Mwenyekiti wetu, Mama Zuhura, alimwita Mama Mwende ofisini Kitui. Mama Zuhura ni mfanyabiashara wa Mwingi, wa ukoo uliotoka pwani zamani, na Kiswahili chake kimenyooka kiasi kwamba kamati nzima huogopa kufungua mdomo mbele yake. Alisema kwa upole, lakini alisema: "Mwanangu, ghala lisilo na mzigo ni banda la popo. Wakidanganywa tena mara moja, tutalifunga." Mama Mwende alikuwa ameliendesha ghala lile tangu mumewe alipofariki. Hakulia. Aliniangalia mimi, mtu wa kompyuta, na nikaona aibu ambayo haikuwa yangu lakini ilinikaa vizuri.

Hivyo ndivyo tulivyoamua kujenga tovuti mpya sisi wenyewe, na hivyo ndivyo ugomvi ulivyoanza.

Nilikuwa na vijana wawili. Musyoka alikuwa tawi la Kitui, Mulwa tawi la Makueni, mzaliwa wa Mbooni. Wote wawili walijua Ruby, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, na hilo ndilo jambo pekee walilokubaliana. Musyoka alitaka Rails. Kwa ninyi wageni wa kazi hii: Rails ni kiunzi. Kinakupa mbao, misumari na desturi za ujenzi, lakini nyumba unaijenga mwenyewe, chumba kwa chumba. Mulwa alitaka CMS iliyoandikwa kwa Ruby, yaani nyumba iliyokwisha jengwa: mtu anaingia na nywila yake, anaandika habari, anabonyeza "Chapisha", imekwisha.

"Madam, Rails ndio form, ndio mpango wenyewe," Musyoka aliniambia. "Hiyo kitu ya Mulwa ni ya watu wavivu. Ukitaka kuongeza kitu kidogo tu, inakukatalia."

Mulwa alinipigia simu siku hiyohiyo kutoka mji wa Wote, huko Makueni. "Madam, huyo kijana atajenga mpaka maembe iozee kwa mti. Ile yangu iko tayari hata leo jioni."

Wote wawili walikuwa wanasema kweli, na hapo ndipo kuchagua kunapokuwa kazi. Nilipeleka suala kwa kamati, nikidhani wataniuliza maswali. Hawakuuliza. Waliposikia kijana mmoja ni wa Kitui na mwingine wa Makueni, walisimama bila kuambiwa na kupanga mistari miwili, Kitui nyuma ya Musyoka, Makueni nyuma ya Mulwa, kama tunachagua diwani. Mzee mmoja wa Kibwezi alimuuliza aliye mbele yake, "Huyu wetu anasimamia nini?" Akajibiwa, "Simama kwanza, utaambiwa." Mistari ilitoka sawa. Mama Zuhura alibaki kitini na kusema yeye alikuja kuchagua tovuti, hakuja kuchagua chifu.

Ndipo nikapata wazo langu kubwa. Nililipenda sana wazo hilo, naomba mlikumbuke.

Sisi Wakamba tuna mwethya. Ukiwa na shamba la kulima au mtaro wa kuchimba, unawaita majirani, wanakuja kila mmoja na jembe lake, mnafanya kazi pamoja, na mwenye shamba anapika. Nikasema, tuwaite watunza ghala wote. Kila mmoja aje na simu yake. Wajaribu mfumo wa Musyoka na wa Mulwa, waandike tangazo la lori, watuambie upi unafaa. Walioteseka ndio wachague. Kamati ilipiga makofi.

Tulikutana Matinyani, katika ukumbi wa kanisa. Tulinunua mbuzi, na Mama Zuhura akaja na mtu wa kumchinja kihalali ili naye apate kula. Watunza ghala walitoka mbali, wengine wameamka alfajiri, na kwa adabu huwezi kumfanyisha kazi mtu aliyetoka Nuu kabla hajatia kitu tumboni. Basi tulikula kwanza. Kulikuwa na mbuzi wa kuchoma, wa mchuzi, muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, na chai ya maziwa matupu. Watu walishiba mpaka wakalegeza mikanda.

Kisha tukaanza. Nilizunguka na kalamu, nikiuliza mmoja mmoja.

"Hii ya Musyoka unaionaje?"

"Iko sawa kabisa, Madam."

"Na ya Mulwa?"

"Hiyo pia iko sawa kabisa."

"Gani iko sawa zaidi?"

"Zote. Mmefanya kazi. Mungu awabariki."

Hivyo hivyo, meza hadi meza. Nilifika kwa Mama Mwende. Alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili, anaitazama kwa heshima. Nikamuuliza anaionaje.

"Imekaa safi," alisema. "Haina mambo mengi. Inatuliza macho."

Nilichungulia. Ukurasa ulikuwa mweupe. Si kwamba ulikuwa na nafasi nyingi, la. Haukuwa na kitu. Niligeuka nikamwona mpishi amechomoa waya wa kisanduku cha intaneti tulichokuja nacho ili achomeke birika la umeme, na birika lilikuwa linachemka kwa mara ya pili. Tangu tunywe chai hakuna simu hata moja iliyokuwa imefungua chochote. Watu wote wa ukumbi ule walikuwa wamesifu hewa.

Nilikaa chini. Nilikuwa na hasira, na sikujua nimkasirikie nani. Musyoka na Mulwa walikuwa wakishangilia kila mmoja upande wake, kwa kuwa wote wawili walikuwa wameshinda.

Mama Zuhura alikuja akaketi kando yangu, akijichokonoa meno. "Ulitaraji nini?" aliniuliza. "Mtu ale mbuzi wako, kisha akwambie nyumba yako inavuja? Hao wamelelewa vizuri." Halafu akaniambia jambo ambalo hakulipata darasani. "Mimi nauza leso. Mteja akisifu, najua haondoki na kitu. Anayesema rangi hii mbaya, pindo limekatika, huyo ndiye mnunuzi. Wewe tafuta wenye kutia kasoro."

Nilifikiri njia nzima hadi nyumbani: nani katika chama hiki hutia kasoro bila kuombwa? Jibu lilikuwa limesimama mbele yangu kwa mistari miwili siku ya kamati. Mtu wa Makueni hawezi kumaliza chai bila kusema watu wa Kitui wamechelewa kuamka. Mtu wa Kitui naye hujibu kwamba watu wa Makueni husifu maembe kama kwamba wao ndio waliomshauri Mungu. Ni utani, lakini ni utani wenye bidii.

Niliitisha mwethya wa pili. Safari hii sikupika. Hata chai sikuweka, na mpishi nilimpa likizo. Kabla hawajaanza nilihakikisha kile kisanduku kina waya wake, nikaketi juu ya sanduku lililofunika soketi. Kisha niliwapa watu wa Makueni mfumo wa Musyoka na kuwaambia, "Hii ni ya Kitui. Wenyewe wanasema ninyi hamtaiweza." Nikaenda upande wa pili nikawapa watu wa Kitui mfumo wa Mulwa, nikasema vivyo hivyo. Halafu nikachukua kalamu.

Ndugu zangu, kalamu iliisha wino.

"Hii ya Kitui, ukiandika na network ipotee, kila kitu inapotea! Nimeandika mara tatu!"

"Hii button ya kuchapisha iko wapi? Imejificha chini ya keyboard! Asi! Ni watu wa Kitui wameificha!"

"Hii ya Makueni inataka password iko na alama. Hiyo alama haiko kwa simu yangu. Iko kwa simu ya watu wa maembe."

"Na tarehe imeandikwa mwezi kwanza! Nani hapa anasema mwezi kwanza?"

Mama Mwende alikuwa ametoka nje, akasimama katikati ya uwanja, jua la utosi. Nilidhani ameondoka kwa njaa. Kumbe alikuwa ameinua simu na kuifunika kwa kiganja, akiigeuza huku na huko. Aliniita kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo.

"Madam! Hii imetengenezwa na mtu wa Mbooni! Mtu amezoea baridi na ukungu, hajui jua ya Nuu! Hizi herufi ni za kijivu. Mimi naandika tangazo nikiwa nje nikipima magunia, na hapa nje sioni hata moja. Utaniambia nimechapisha nini?"

Alikuwa amekasirika. Nilifurahi mpaka nikamshika mkono. Huyo ndiye aliyekuwa akitulizwa macho na ukurasa mtupu.

Tulirudi ofisini na orodha ambayo hata Ngumbau angeiheshimu. Sasa Musyoka alitaka kuonyesha kwamba kasoro za mfumo wa Mulwa hazitibiki, akaufungua ndani, faili kwa faili, akitafuta uozo. Nilimwona anapunguza mwendo.

"Madam," alisema, "hii kitu iko juu ya Rails."

"Sema tena."

"CMS yake. Imejengwa na Rails. Hii folder ni ya Rails, hii pia. Mimi naweza kuongeza hapa chochote."

Tulimpigia Mulwa. "Sasa si ni hivyo," Mulwa alisema. "Mimi nilifikiria anajua."

"Na mbona hukusema?"

"Madam, aliniita mvivu."

Miezi yote ile ya kurushiana maneno, kamati imesimama mistari, mbuzi amekufa, na nyumba ya mmoja ilikuwa imejengwa kwa mbao za mwenzake. Nilipomweleza Mama Zuhura alicheka mpaka mtandio ukamwanguka. "Kwa hiyo tulipanga foleni mbili," alisema, "kuingia mlango mmoja."

Tulichukua CMS ya Mulwa kwa kurasa za kawaida, na ndani yake Musyoka akajenga kwa Rails kipande kimoja tu cha kwetu: tangazo la lori. Herufi nyeusi tititi. Kitufe juu. Tarehe ya kwetu. Mtandao ukipotea, maneno yanabaki kwenye simu yakingoja. Na tangazo likipitwa na siku yake linajifuta. Mkulima mwenye simu ya kubonyeza anapata ujumbe mfupi. Kila mtunza ghala ana ufunguo, yaani nywila, wa matangazo ya ghala lake, haombi ruhusa kwa mtu, hata kwangu. Kamati iliogopa hilo. Walisema je, akiandika vibaya? Niliwajibu kwa maneno ya Ngumbau, na kwa mara ya kwanza niliyaelewa nilipokuwa nikiyasema. Lori likivunjika, aliye karibu ni Mama Mwende.

Msimu wa ndengu ulifika. Usiku wa kuamkia siku ya lori la Nuu mvua ilinyesha juu huko, na mto ule mkavu unaokata barabara ukajaa maji kwa mara ya kwanza mwaka huo. Dereva alinipigia kuniambia amekwama, kisha simu yake ikazima. Nilimpigia Mama Mwende, hapatikani. Nikapiga tena. Intaneti nayo ilikuwa imekatika kwa mvua, tovuti haikufunguka. Nilijua wanachama wanaamka alfajiri kufunga magunia. Nilijua Mama Zuhura hasemi kitu mara mbili. Nilikaa Kitui nikiwa na mifumo yangu yote na sikuweza kufanya lolote, na niseme ukweli, niliomba.

Kesho yake maji yalipopungua nilipanda pikipiki kwenda Nuu nikiwa nimejiandaa kutukanwa. Nilikuwa nimeshatunga hata hotuba ya kuomba radhi. Tulipokata kona ya mwisho nilifumba macho kidogo, kisha nikafumbua.

Uwanja ulikuwa mtupu. Hapakuwa na gunia, wala mtu mwenye fimbo. Palikuwa na punda mmoja na mzee mmoja amekaa kivulini mwa ukuta wa ghala.

"Mzee, hukupata tangazo?" nilimuuliza.

"Nilipata."

"Sasa mbona umekuja?"

"Nimekuja kuona kama ni ya kweli." Aliutazama uwanja, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Ni ya kweli. Lori haiko."

Nilifungua simu yangu. Mtandao ulikuwa umerudi, na tangazo lilikuwa hapo, limeandikwa tangu jana alfajiri: "Lori imekwama mtoni. Nimeenda nikaiona na macho yangu. Msikuje. Nitawaambia. Mama Mwende." Nimehudhuria mikutano iliyojaa pomoni, yenye hotuba na wageni wa heshima. Hakuna hata mmoja ulionifurahisha kama uwanja ule usio na mtu. Nilitokwa na machozi, na dereva wa pikipiki akajifanya anaangalia tairi.

Lori lilivuka baadaye, Mama Mwende akaandika tena, na ndengu zikaja, hata za wale waliokuwa wamehamia kwa madalali. Ghala la Nuu liko mpaka leo.

Lakini siku ile ya uwanja mtupu, Mama Mwende aliniingiza nyumbani kwake nyuma ya ghala akanipakulia muthokoi. Alikaa mbele yangu akinitazama nikila.

"Madam, chakula iko aje?"

Nilifungua mdomo kusema iko sawa kabisa. Halafu nikakumbuka ukurasa mweupe.

"Mama Mwende, chumvi imezidi."

Alinitazama. Kisha akapiga paja, akacheka, akamwita binti yake aliyekuwa jikoni. "Mwende! Njoo usikie! Madam amesema chumvi imezidi!" Akanivutia kiti karibu na chake. "Mgeni hasemi hivyo. Sasa wewe ni wa hapa."

Aliniongezea sahani ya pili, na chumvi yake yote. Nilikula nikaimaliza.